Ng'ombe Aliyewekwa Stoo ya Dhamana

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya mikopo, mnaokwenda kwa wateja na kishikwambi kwapani na raba nyeupe miguuni, kaeni hapa kidogo. Kwanza hizo raba vueni. Barabara za Kagongwa wakati wa mvua hazijui usafi wa mtu, na mteja akikuona unarukaruka madimbwi atajua papo hapo kwamba hutamfuata nyumbani rejesho likichelewa.

Mimi ni Modesta, mzaliwa wa Ushirombo. Kazi hii niliianza nikiwa na kiuno, nikastaafu nikiwa na mgongo tu, maana pikipiki ya ofisi ilinitupa kwenye majaruba ya mpunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sasa naishi Kahama, nafuga kuku, na hakuna kuku hata mmoja ninayemdai. Raha ya kustaafu ni hiyo.

Juzi mjukuu wangu, ambaye anafanya kazi kwenye kampuni ya mikopo ya simu, alinieleza kwamba siku hizi mashine inamjua mkopaji kuliko mama yake mzazi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikakasirika, maana nilikumbuka mashine ilivyotuletea ng'ombe ofisini.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Kuna watu benki kubwa haiwaoni: muuza mchele wa barabarani, mama ntilie wa machimboni, fundi baiskeli. Hawana hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara. Sisi tunawakopesha kidogo kidogo, na dhamana yetu kubwa ni wao wenyewe. Wanawake watano wanakaa kikundi, wanadhaminiana, kila wiki wanaleta marejesho. Mmoja akishindwa, wanne wanamlipia, au wanakwenda kwake kubeba vyombo. Mtu anaweza kuikimbia ofisi mwaka mzima, lakini hawezi kuwakimbia wanawake wanne anaochota nao maji bomba moja.

Vyombo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Mtaa mmoja niliwahi kukagua wateja watatu kwa siku moja, na wote watatu walikuwa na sofa lilelile la maua mekundu. Nyumba ya tatu nilifika mapema kuliko walivyotegemea, nikalikuta sofa limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mwenye nyumba akaniambia kwa upole kabisa kwamba linapunga upepo. Tangu siku hiyo nilikuwa naomba kupita jikoni kwanza, kwa sababu sofa linaazimika lakini masizi ya sufuria hayaazimiki. Jiko lililopikiwa jana na juzi linakuambia huyu mtu anakula, na anayekula analipa.

Sasa, makao makuu Dar es Salaam walichoka na majiko yangu. Wakatuletea vishikwambi, wakaagiza kila mteja apigwe picha nyumbani kwake, na mitambo yao huko itatazama picha na kujua mali aliyonayo. Nikaenda kumpiga picha Mama Nyamizi.

Huyu Mama Nyamizi alikuwa ananunua mpunga, anaukoboa, anauza mchele pembeni mwa barabara kuu. Mwembamba, mpole, rejesho lake halikuwahi kuchelewa. Alisimama mbele ya nyumba yake ya vyumba viwili, akatabasamu, nami nikabonyeza. Nyuma yake, bila kualikwa na mtu, alisimama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Wiki iliyofuata Dar wakarudisha fomu yake. Ilisema: dhamana, ng'ombe mmoja na mabati ya nyumba.

Mtaniuliza kwa nini sikumwuliza Mama Nyamizi kama ng'ombe ni wake. Ninyi ni watoto wa mjini. Huku kwa Wasukuma humuulizi mtu ng'ombe wake ni wangapi, wala kati ya hawa yupi ni wake. Ni kama kumwuliza mtu mshahara wake katikati ya msiba. Ukiuliza utajibiwa, "Wapo wapo," na chakula ulichokuwa umeandaliwa kitachelewa sana kuiva. Niliwaandikia Dar kwamba ng'ombe alikuwa anapita tu. Wakanijibu kwamba mtambo umeshamhesabu.

Mambo yangeishia hapo kama si Baba Nyamizi. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, mavuno ya mpunga yanakaribia, na Mama Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza amechukua mkopo mkubwa. Mume akamwambia, "Niazime siku mbili tu." Akapanda basi na mtaji wote hadi machimboni karibu na Masumbwe, akanunua hisa kwenye duara, yaani shimo lile la kuchimbia dhahabu. Tangu hapo akawa anapiga simu kila wiki na habari ileile: "Mke wangu, tumeukaribia mwamba." Nimewakopesha wachimbaji kwa miaka mingi, na sijawahi kumsikia hata mmoja aliye mbali na mwamba.

Marejesho yakasimama. Wale wanne wakamlipia wiki ya kwanza kwa moyo, ya pili kwa kununa, ya tatu wakaja ofisini. Mwenyekiti wao, Mama Shija, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mbuga, alimwambia meneja wetu, "Meneja, tumekauka. Tunataka mkopo wa msimu tukanunue mpunga, na hatuupati kwa sababu ya huyu mwenzetu."

Meneja wetu aliitwa Mabula. Alikuwa kijana wa huku huku, kasoma, mtanashati, tai kila siku hata kwenye joto la Oktoba. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa Dar, basi. Akasema, "Mpaka Ijumaa deni la Mama Nyamizi liwe limelipwa. Lisipolipwa, kikundi kizima hakipati kitu msimu huu." Kisha akawasomea fomu: ng'ombe mmoja na mabati.

Jumatano mchana nikasikia kelele nje. Wale wanawake wanne walikuwa wanamkokota ng'ombe mwekundu kupanda ngazi za ofisi. Mama Nyamizi alikuwa mashineni anakoboa, hakuwepo nyumbani walipomchukua.

"Tumeleta rejesho," Mama Shija akasema.

Dada wa dirishani akatazama kompyuta yake, akatutazama sisi. "Madamu Modesta, namwingiza wapi? Hapa kuna fedha taslimu na kuna simu."

Wateja waliokuwa kwenye foleni walidhani tumeanzisha huduma mpya. Mzee mmoja aliyekuja kulipia pembejeo akaniuliza riba ya ng'ombe ni ndama au ni maziwa. Saa moja haijapita, foleni ikafika barabarani. Watu wenye kamba mikononi, wamekuja kukopa ng'ombe! Niliwatawanya kwa ukali mpaka sauti ikanikauka, na wengine wawili bado waliacha namba zao za simu.

Mabula akapiga Dar. Dar wakauliza dhamana iko katika hali gani. Akasema inatafuna zulia la mapokezi. Wakamwambia dhamana zote zilizokamatwa zinatakiwa ziwe stoo, chini ya kufuli, mpaka zipigwe mnada. Basi ng'ombe akaingizwa stoo ya dhamana, katikati ya televisheni, redio, makabati ya vyombo na magodoro ya watu. Mlinzi wetu akapewa fungu la kununua majani. Aliandika kwenye kitabu cha matumizi: chakula cha dhamana.

Jioni ile Mama Nyamizi akaja mbio, khanga imejaa pumba. "Meneja, yule ng'ombe si wangu!"

Mabula akacheka kwa uchovu. Nami namwelewa. Katika kazi hii, siku ya kukamata, hakuna mtu mwenye kitu. Televisheni si yangu, kabati si langu, na mama mmoja wa Isaka aliwahi kuniambia hata mume aliyelala pale kitandani si wake. "Kama si wako ni wa nani?" Mabula akamwuliza.

"Ni wa bibi mmoja. Aliwekwa kwa baba mkwe wangu kabla hajafariki. Mimi namtunza tu."

"Bibi gani?"

"Huwa anapita mara moja moja kumwona. Tunamwita Ng'wana Luhende."

"Hao Ng'wana Luhende wako wangapi Usukuma hii!" Mabula akasema, akafunga faili. Ng'wana ni "mtoto wa" kwa Kisukuma, na akina Luhende ni wengi.

Alhamisi akaja dalali wa mnada. Akamzunguka ng'ombe, akampapasa tumbo, akaomba kibali cha mtendaji wa kijiji, maana ng'ombe hauzwi mnadani bila karatasi ya kuonyesha ametoka kwa nani. Nikaenda kwa mtendaji kwa pikipiki. Mtendaji alikuwa anakula mahindi. Alisikiliza, akatema punje, akasema, "Huyo sisaini. Huyo ana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Anajijua."

Nilirudi na jibu hilo, nimelowa hadi kwenye soksi. Mabula alilegeza tai yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akaita kikundi. "Ng'ombe ameshindikana," akawaambia. "Yamebaki mabati. Kesho asubuhi mtayang'oa wenyewe, ndivyo mlivyosaini."

Nawaambieni ukweli, watoto, hapo nilichukia kazi yangu. Mama Nyamizi alikuwa na watoto watatu mle ndani na mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Mama Shija hakupiga kelele safari hii. Alishika mkono wa mwenzake, akaanza kulia, akasema, "Dada, nisamehe. Na mimi nina wa kwangu wanaokula." Mama Nyamizi akamjibu kwamba ngazi ipo kwa jirani, wasije na ya kuazima mbali wakachelewa. Aliwaelekeza namna ya kung'oa nyumba yake, kwa adabu kabisa, kama anawaelekeza njia ya sokoni. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Ijumaa asubuhi mlinzi akanipokea getini. "Madamu, dhamana imeongezeka."

Ng'ombe alikuwa amezaa. Ndama mwekundu, mwenye baka jeupe kama la mama yake, amelala juu ya godoro la mteja wa Segese, anatazama kioo cha televisheni. Dada wa dirishani akapiga picha kwa kishikwambi ili kuweka kumbukumbu. Baada ya muda mfupi Dar wakatupongeza kwa ukuaji wa mali za tawi.

Tukiwa bado tumeduwaa, aliingia bibi mmoja mrefu, mkavu, shuka begani na fimbo mkononi. Akachukua namba ya foleni kama wateja wengine. Akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake, hakutaka kupitishwa mbele. Zamu ilipofika akaenda dirishani.

"Mwangaluka," akasema, kwa salamu ya Kisukuma ya asubuhi. "Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Mume wa Mama Nyamizi amenipigia simu toka machimboni, analia. Mimi ni Ng'wana Luhende."

Nikamkaribisha kiti, nikamwamkia shikamoo, nikajaribu kumweleza mambo ya dhamana na picha. Alinisikiliza kwa subira. Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka, Mabula akatoka na karatasi mkononi. Akasimama.

"Mayu?" akasema. Mama?

"Marahaba," bibi akajibu, ingawa Mabula alikuwa hajaamkia.

Meneja wetu alikuwa amemkamata ng'ombe wa mama yake. Subirini, hamjasikia bado. Ng'ombe huyo Mabula mwenyewe ndiye aliyemnunua, kwa mshahara wake wa kwanza, akampa mama. Ila alimwona mara moja tu angali ndama, na hakujua mama kampeleka wapi, maana huku watu wenye akili hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukija unamaliza wote, wezi wakija wanachukua wote, mtoto mwenye shida akija anauza wote. Unamweka mmoja kwa rafiki huyu, mmoja kwa yule. Anayetunza anakunywa maziwa, na baada ya miaka ya kutunza vizuri, mwenye ng'ombe anampa ndama. Hakuna kuandikishana. Mnaaminiana, na mtendaji anajua huku anakula mahindi yake.

"Mayu, sikujua," Mabula akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Basi tumchukue ng'ombe wetu. Deni ni la yule mama, si letu. Mabati yanang'olewa asubuhi hii, mambo yaishe."

"Mabati gani?"

Akamweleza. Bibi aligeuza fimbo yake polepole mikononi.

"Mabula," akasema. "Baba yako alipokufa tulibaki na nini?"

"Mayu, hapa ni kazini."

"Nimechukua namba, nimefika dirishani, nahudumiwa. Tulibaki na nini?"

"Hatukuwa na kitu."

"Nani alituletea ng'ombe wa kutunza? Baba mkwe wa huyo mama. Ulikunywa maziwa yake, mengine nikauza, ukavaa sare. Ulisoma kwa ng'ombe wa watu, mwanangu. Mwaka wa ukame tulishindwa kumtunza, akatufia mikononi. Huyo mzee alikuja, akatazama mzoga, akasema pole, akaenda zake. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Angetaka kuing'oa asingepata hata cha kuuza. Lakini hakuinua hata macho kutazama paa."

Dada wa dirishani alikuwa analia waziwazi. Mimi pia, sioni sababu ya kuficha.

Bibi akaendelea kwa sauti ileile ya biashara. Mama Nyamizi ametunza ng'ombe miaka mingi na ameshastahili ndama. Ndama huyu, kwa hiyo, ni wake halali, mtendaji atasaini hata leo. Ofisi ikitaka dhamana, hiyo hapo juu ya godoro. Ila ndama wa siku moja haondoki kwa mama yake, na mama yake anatunzwa kwa Mama Nyamizi. Basi ofisi imwache ndama huko akue, maziwa yanayobaki yauzwe, rejesho liwe linatoka humo.

Mnaona alichofanya? Alirefusha muda wa mkopo, akapunguza rejesho, akatupa dhamana halali, yote akiwa hajaenda shule hata siku moja. Ninyi mnapelekwa semina hotelini wiki nzima kwa jambo hilo. Dar walikubali, kwa kuwa kwenye kompyuta yao ndama alishakuwa mali ya tawi. Na Mama Nyamizi alilipa lote, kikombe kwa kikombe cha maziwa, na ndama hakuuzwa. Wenzake walipata mkopo wa msimu. Baba Nyamizi alirudi bila dhahabu, akapewa kazi ya kukata majani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile mimi nilipiga kelele, "Mabati!"

Simu ya Mama Shija ilikuwa haipatikani. Pikipiki haikuwaka. Tukatoka kwa miguu, Mabula mbele amembeba ndama mabegani, miguu yake inaning'inia pande mbili za tai, ng'ombe nyuma yake akimlilia mtoto, bibi na fimbo, mimi na faili, na mlinzi ambaye alitakiwa abaki kulinda. Tukakatiza soko la Kagongwa hivyo hivyo. Wauza mchele waliacha mizani. Mtu mmoja akauliza kama meneja amefilisiwa.

Tulipofika, upande mmoja wa paa ulikuwa wazi. Mabati yalikuwa yamepangwa ukutani vizuri, misumari imekusanywa kwenye kopo. Mama Shija alikuwa juu ya ngazi. Watoto watatu walikuwa wamejibanza chini ya meza, mkubwa kashika sufuria ya wali ili isiingie mavumbi. Na upande wa Isaka mawingu yalikuwa yameshatanda.

"Shuka!" Mabula akamwambia Mama Shija. Akamshusha ndama, akavua viatu, akaomba nyundo.

"Meneja, tutamwita fundi," nikamwambia.

"Fundi atakuja saa ngapi?" akajibu, na matone ya kwanza yakaanza.

Akapanda. Shati jeupe, mgongo mzima umechafuka kwa ndama. Wale wanawake wakawa wanampa bati moja moja, mama yake ameshika ngazi kwa mikono miwili na anamkosoa. Alijipiga kidole, akaendelea kugonga. Mvua ikaongezeka. Mama Nyamizi aliingia ndani, akasimama juu ya kitanda cha watoto na kumtazama kutoka chini, uso wote umelowa, sijui kwa mvua au kwa nini.

"Hapo vipi?" Mabula akaita kutoka juu.

"Bado, baba. Sogea kulia kidogo."

Akasogea, akagonga. "Na sasa?"

"Gonga tena, Meneja," Mama Nyamizi akasema. "Bado naona mbingu."